Fedha Kwa Simu, Maneno Kwa Barua

Zamani, vijana wa Upare waliposhuka milimani kwenda kutafuta riziki Korogwe na Tanga, barua zao ziliwafuata wazazi kwa reli hadi Same, zikangoja katika sanduku la posta la shule au la kanisa, kisha zikapandishwa Chome, Mbaga au Suji mfukoni mwa yeyote aliyekuwa akirejea kutoka mjini. Na aghalabu zilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule, ilhali mama mwenye barua ameketi kimya akisikiliza.

Sitamani taabu ile irudi. Mgonjwa akizidiwa Vudee, simu na ipigwe saa ile ile. Lakini yako maneno ambayo simu haiyawezi, kama shukrani kwa mzazi, toba ya aliyekosa, au malalamiko juu ya mpaka wa shamba baina ya ndugu wa tumbo moja. Maneno hayo yanataka wasaa na faragha, kwa kuwa mwenye kushika kalamu hulazimika kuyapima nafsini mwake kabla hayajakuwa khati, na mara nyingi, akishapita salamu na kuandika "waama baada ya salamu", hugundua kwamba nusu ya ghadhabu aliyoketi nayo haina hoja. Hivyo barua humfaa mwandishi kabla ya kumfaa msomaji. Ikimshinda, huichana, wala hakuna aliyedhurika.

Shaaban Robert, karani wa serikali aliyehamishwa kituo hadi kituo, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, na barua hizo, kwa kuwa zilihifadhiwa, zilitolewa kitabu mwaka 2002. Humo hatukutani na mshairi aliye juu ya mimbari, bali kaka anayejadiliana na nduguye mambo ya nyumbani na ya kazi. Lau wawili hao wangalikuwa na simu za leo, nachelea kwamba tusingalirithi hata sentensi moja, maana simu ikiharibika au kuibwa aghalabu huondoka na mazungumzo yote, na sisi hununua nyingine bila kuyalilia.

Basi wewe uliye Dar es Salaam au Muscat, nawe una mzazi Gonja au Mamba, usiache kumtumia fedha kwa simu. Ila mwaka huu mwandikie pia ukurasa mmoja kwa mkono wako, usioomba kitu wala kuahidi kitu, umpe mtu anayepanda mlimani.