Kushuka kutoka Mbooni

Imekuwa desturi katika zama zetu, kila vijana wanapokusanywa kupewa nasaha, kuambiwa ya kwamba asiyethubutu hafaulu na kwamba raha ya mahali palipozoeleka ni adui wa maendeleo. Na baada ya maneno hayo, yasemwayo kwa ghera na kupokewa kwa makofi, kijana hurejea kwao akiwa na moto kifuani lakini hajui aanzie wapi, wala ni nani atakayemshika mkono akiteleza. Sina ugomvi na wanaohimiza ujasiri. Naona tu kwamba wamesahau nusu ya jambo, na nusu hiyo yaweza kusomwa wazi katika tarikhi ya milima ya Mbooni.

Mbooni, katika kaunti ya Makueni, ni nchi ya baridi na ukungu, yenye chemchemi, migomba, kahawa, na makonde yaliyokatwa matuta tangu bondeni hadi karibu na vilele. Na atokaye Kikima, huko juu, asubuhi akishuka upande wa Kalawa huhisi, kabla ya adhuhuri, koti likimwelemea na vumbi likimpanda magotini, huku migunga ikishika mahali pa migomba. Mapokeo ya Wakamba yasema kwamba wazee wao waliifikia milima hii wakitokea kusini, pande za Kilimanjaro na Chyulu, na wanatarikhi hukadiria kuwa hayo yalikuwa katika karne ya 17. Hapo palikuwa na mvua, maji, na majabali ya kujikingia adui. Hata hivyo hawakukaa wote. Wengine walielekea milima ya Iveti na Kilungu, na wengine, wakitanguliwa na wawindaji wa ndovu, waliuvuka mto Athi katika karne iliyofuata wakaingia Kitui, nchi kavu ambayo mvua yake haina ahadi.

Husemwa kwamba waliondoka kwa sababu watu walizidi na ardhi haikuzidi. Ni kweli, lakini haitoshi, kwani dhiki peke yake haimpi mtu moyo. Aghalabu humpokonya hata ule aliokuwa nao. Mtu wa Mbooni hakuamka siku moja akabeba watoto na vyungu akateremka nyikani. Alianza na kyengo, yaani kituo cha mifugo: boma la miiba, kibanda cha nyasi, vijana wachache wenye pinde na mishale ya sumu, kibuyu cha maziwa, na ng'ombe waliolishwa katika weu, malisho yasiyo na mwenyewe. Huko juu mlimani ng'undu, yaani shamba lililofyekwa na babu, liliendelea kulimwa na waliobaki. Nchi ikimpendeza, malisho yaliyoizunguka kyengo yakawa kisesi, haki yake iliyotambuliwa na majirani; na hapo ndipo alipojaribu mtama na kunde, akaitazama mvua, na akisharidhika nayo akaihamisha nyumba yake. Asiporidhika, mlima ulikuwa pale pale, na nduguze wakiwamo.

Kwa hiyo naamini, na ndilo neno langu katika makala haya, kwamba ujasiri wa anayeondoka hutengenezwa kwa sehemu kubwa na wale wanaobaki. Wahenga wa pwani walikwisha kunena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kumkaripia mtoro, ilhali yafaa zaidi kumtuliza msafiri.

Wala wema huo wa waliobaki kwa walioondoka haukwenda upande mmoja. Mvua ilipokatika, watu walifunga safari za kutafuta chakula kwa jamaa na marafiki wa mbali, na safari hizo, ambazo Wakamba huziita kuthuua, zilifika hasa kule walikotangulia wale waliothubutu. Njaa kuu ya miaka ya 1830 iliwafikisha wengine hadi Rabai, nyuma ya Mombasa, nao wakafanya maskani huko. Na kutokana na mafungamano ya namna hiyo ilistawi biashara ya pembe iliyowaleta Wakamba pwani kwa misafara mikubwa. Mwenye msafara aliyetajika kuliko wote, Kivui wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishenari Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya akiwa Kitui. Miaka miwili baadaye Kivui aliuawa na wanyang'anyi katika safari ya kwenda mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa haifai kumhimiza mtu kuthubutu na huku tukimficha kwamba wako wasiorudi.

Ushahidi mwingine, ulio karibu zaidi, ni wa Makueni penyewe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, kwa hoja ya kuinusuru ardhi iliyomomonyoka, na maelfu wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye alikamatwa akahamishiwa Lamu. Haikupita miaka kumi serikali ile ile ikawataka watu wa milimani wahamie nyika ya Makueni, iliyokuwa na mbung'o na vifaru. Hatari ziliondolewa kwa bidii kubwa mno: kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter aliwaua vifaru wapatao elfu moja, na vichaka vikafyekwa. Na bado watu walisita! Walihofu masharti juu ya idadi ya mifugo, walihofu kwamba ardhi haitakuwa yao, na ng'ombe wa 1938 hawakuwa wamesahauliwa. Baada ya uhuru watu wa milima hiyo hiyo walishuka kwa hiari yao wakaingia nyika za mbali zaidi, kuelekea Kibwezi, ambako hakuna aliyewasafishia njia. Nayapima mambo hayo mawili nikiona kwamba woga wa mwanadamu hauondoki kwa kuondolewa kifaru, madhali hamwamini yule aliye nyuma yake.

Niliwahi kuketi katika kikao cha ukoo huko Tulimani, msichana fundi wa cherehani alipoomba auni ya kufungua duka mjini Wote. Wazee walimhoji juu ya kodi, juu ya bei ya vitambaa, juu ya mafundi waliomtangulia, naye akajibu yote kwa utulivu. Mwisho akaulizwa kama analo neno, akasema: "Babu, duka likifungwa, nitarudi kwa mlango upi?" Wanaume walitazamana. Bibi yake, aliyekuwa akichambua mbaazi pembeni, ndiye aliyejibu: "Kwa huo huo uliotokea, mjukuu wangu. Na usije usiku kwa kujificha, njoo mchana." Haikuongezwa hata shilingi moja, lakini nilimwona akinyoosha mgongo.

Linganisha jibu hilo na tunayowapa vijana leo. Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022 ilitoa mikopo ya kuanzia shilingi 500 kwa riba ya 8% kwa mwaka, na riba hiyo ni ya huruma, nami naisifu; lakini deni lilitakiwa lilipwe ndani ya siku 14, na katika siku 14 hata kunde za Mbooni hazijatoa ua. Linganisha tena na jamaa wanaouza ng'undu nzima ili kumlipa wakala atakayempeleka binti yao Saudia au Qatar, ili akatumike nyumbani mwa watu. Jambo hilo lanihuzunisha kuliko yote, kwa kuwa binti huyo, hata akidhulumiwa, hathubutu kurudi, maana pa kurudia ndipo palipolipa nauli. Kumhimiza mtu kwa namna hiyo ni kumsukuma.

Wazazi wenye ardhi Mbooni, hata ikiwa ni robo eka, waandike kwamba liko fungu lisilouzwa kwa ajili ya safari ya mtu yeyote. Na vyama vya akiba na mikopo vya Makueni vikutane kabla ya mvua za Oktoba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi katika nchi hii, vipange malipo ya wakulima kwa misimu ya mvua badala ya wiki, na katika fomu ya mkopo, pale panapoulizwa dhamana, paongezwe mstari wa jina na sahihi ya mtu aliyekubali kumpokea mkopaji nyumbani na kumlisha iwapo biashara itaanguka.