Usiuziwe "i7", uliza ni i7 ya lini

Wadau wa Mbagala, Tandika mpaka Tegeta, tuongee ukweli. Ukienda Kariakoo kutafuta laptop used, utaambiwa "boss, hii i7". Sawa, ila ya lini? Soma namba inayofuata. i7-4600U ni kizazi cha 4, ya 2013, ina kori 2 tu. i5-8250U ni kizazi cha 8, ya 2017, ina kori 4, na mimi ningechukua hiyo bila kufikiria mara mbili. Tena Windows 11 inaitaka Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia kawaida tangu Oktoba 2025.

Kazi zetu ni WhatsApp, Excel ya stoku na matangazo ya Canva. RAM 8GB na SSD 256GB zinatosha kabisa. Yenye HDD achana nayo hata wakupe bei chee, utasubiri iwake mpaka mteja ahamie kwa jirani.

Uzito? HP EliteBook 840 G5 ina kama kilo 1.5. Simama nayo kwenye daladala la Mbagala na mizigo ya wateja mkononi, utanielewa.

Betri ipime palepale: chomoa chaja, cheza video dakika 20. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.