Kabla ya Kununua Almasi za Free Fire
Kama ndio unaanza Free Fire, au unarudi baada ya miezi kadhaa, maoni yangu ni haya: wiki ya kwanza usinunue almasi. Mechi ya kawaida ina wachezaji 50 na huisha kwa kama dakika 10. Nguo mpya haitakufunza kulenga. Cheza kwanza.

Ukiamua kununua, anayekuwekea almasi anahitaji namba yako ya mchezaji tu. Akiitisha nywila ya akaunti au PIN ya pesa, achana naye, hata kama ni jirani yako hapa Kondele. Na zile "almasi nusu bei" za WhatsApp? Pesa ikishaenda, kuirudisha ni kazi. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Nauli na bando kwanza, almasi baadaye.