Mwili wa Aya Brea ni wa Nani?

Nikitaja Parasite Eve mbele ya watu wa vitabu, naulizwa: hizo si gemu za watoto? Nikiitaja mbele ya wacheza gemu, naambiwa hadithi ya nini, bora bunduki zinapiga vizuri. Leo nagombana na makundi yote mawili, maana naona mmesaidiana kuizika moja ya hadithi bora za kutisha nilizowahi kukutana nazo.

Tuanze na nyie wa vitabu. Parasite Eve ilianza kama riwaya. Iliandikwa na Mjapani Hideaki Sena, akiwa bado anasomea mambo ya dawa chuo kikuu, ikatoka mwaka 1995 na kutwaa tuzo ya riwaya za kutisha ya Japani. Mwanasayansi anafiwa na mkewe kwa ajali ya gari. Figo ya marehemu anapandikizwa msichana. Seli za ini lake, mume anaziotesha maabara, eti asimpoteze kabisa. Marehemu hakuulizwa. Basi ndani ya zile seli kunaamka kitu chenye nia yake: mitokondria, vile vijichembe vinavyoupa mwili nguvu na ambavyo sote tunavirithi kwa mama. Sayansi inasema zamani sana vilikuwa bakteria wanaojitegemea. Sena akajiuliza: je, siku mpangaji akidai nyumba ni yake?

Na yule Eve wa kwenye jina ni Hawa. Mwaka 1987 watafiti walifuatilia mitokondria kutoka mama hadi mama, wakafikia kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika miaka kama 200,000 iliyopita. Kwa hiyo msiniambie hadithi hii ni ya Wajapani peke yao.

Mwaka 1998 kampuni ya Square ikaitoa gemu kwenye PlayStation. Haikuirudia riwaya, iliiendeleza. Ni mkesha wa Krismasi 1997, New York, ukumbi wa Carnegie Hall. Mwimbaji wa opera anapaza sauti na watazamaji wanawaka moto kwenye viti vyao. Anayebaki mzima ni Aya Brea, askari polisi. Baadaye tunajua sababu: Aya alipandikizwa konea ya dada yake aliyefariki, na figo ya dada huyo huyo alipewa yule mwimbaji. Maiti moja, wanawake wawili, vita moja.

Sasa nyie wacheza gemu, angalieni hata mapigano yalivyosimulia. Huwezi kupiga ovyo. Unakimbia huku unasubiri mstari wa muda ujae, na ile subira ndiyo hofu yenyewe. Uwezo wa ajabu wa Aya unatoka kwenye mitokondria zake, nguvu ile ile inayowaunguza wengine. Kila ukiutumia unajiuliza: hivi huyu naye anageuka?

Ya pili ilitoka Japani mwishoni mwa 1999. Ikamhamishia Aya jangwa la Mojave na kuiga mwendo wa Resident Evil. Ilipungua, lakini ilipumua.

Halafu ikaja The 3rd Birthday, mwishoni mwa 2010, kwenye PSP. Jina Parasite Eve halimo hata kwenye jalada. Humo Aya anaweza kurusha roho yake ikaingia mwili wa askari yeyote. Mwili ukifa anahamia mwingine. Jamani, hamuoni? Kimelea sasa ni Aya! Swali la Sena limerudi likiwa kali kuliko lilivyotoka kwake. Na gemu inafanya nini? Inawatumia wale askari kama betri za akiba, ikimalizika unachomoa unaweka nyingine. Aya mwenyewe, kila akijeruhiwa, nguo zinachanika vipande ili tutazame. Hata siri ya mwisho (samahani, naitoboa), kwamba roho iliyokuwa inauendesha mwili wa Aya si ya Aya, inakuja tumeshazoeshwa kukodoa macho badala ya kuuliza.

Najua mtanijibu kwamba hata ya pili ilimwonyesha Aya akioga. Kweli, na sisemi ilikuwa takatifu. Lakini kosa la dakika moja si sawa na mfumo mzima wa mchezo kujengwa juu ya kosa hilo. Mtasema pia kupiga risasi kumenoga zaidi. Sawa, kumenoga. Nyumba iliyopakwa rangi nzuri huku msingi umeng'olewa, mnaisifia rangi?

"Ni gemu tu" ndicho kisingizio kilichoua mfululizo huu. Riwaya ingemfanyia mhusika wake hivi, tungeijaza kurasa za hasira hapa. Gemu ikifanya, wa vitabu wanasema haiwahusu na wa gemu wanasema haidhuru. Hadithi iliyokuwa inauliza mwili wa mwanamke ni wa nani, ikaishia kujibu: wa anayetazama.

Mimi jibu hilo silikubali. Itafuteni ile ya kwanza, mkae na Aya siku zake sita za Manhattan, halafu mrudi mniambie kama ile si fasihi.