Pumzi Haiwekwi Akiba

Wako wanafunzi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wasemao ya kuwa aliyezaliwa karibu na Mlima Kenya hahitaji mazoezi ya daima. Ati hewa nyembamba imekwisha kumpa pumzi. Hayo ni maneno ya wavivu, nawe msomaji usiyakubali.

Ndani ya msuli mna vitu vidogo mno, viitwavyo mitokondria, vitumiavyo oksijeni kuunguza mafuta na sukari. Mazoezi huviongeza. Ukiacha mbio, uwezo wake hushuka kwa majuma machache tu. Mafuta hayaunguzwi sana kama kwanza, sukari huisha mapema, na miguu huwa mizito. Hata maji ya damu hupungua. (Mishipa midogo ya damu, kwa kweli, huvumilia zaidi.)

Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alijifungua mwaka 1997. Je, mlima ulimrudishia mbio zake bure? La! Alifanya mazoezi upya, na mwaka 2001, huko Chicago, akamaliza maratoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, kasi ambayo hadi siku hiyo ilikuwa haijapata kufikiwa na mwanamke.

Basi muhula wa mtihani ukija, nao wakubwa wakitaka kuufunga uwanja, waombe kwa adabu siku mbili kwa juma, ukimbie kwa nguvu zote.