Mgodi huanza kwenye karatasi



Tunapozungumza juu ya madini yetu, tunataja wachimbaji, wenye silaha na wafanyabiashara. Mara chache tunamtaja avoka. Hata hivyo mgodi mkubwa hauanzi kwa sururu, unaanza kwa mkataba. Huko London, Paris na Johannesburg wako wanasheria ambao kazi yao ya maisha ni hiyo: leo mradi wa dhahabu, kesho bwawa la umeme, keshokutwa bomba la gesi. Wanajua ni kifungu gani kinazuia kodi kupanda, na ni kipi kinapeleka ugomvi kwa waamuzi wa ng'ambo badala ya tribinali ya kwetu. Hatusemi kwamba ni watu wabaya. Wanamtetea anayewalipa. Swali letu ni hili: upande wetu wa meza ameketi nani?

Mkataba wa Sicomines huko Kolwezi unatufundisha. Katika ubia huo ulioanza mwaka 2008, Wachina wana hisa 68 kwa mia na Kongo 32, nasi tuliahidiwa barabara na majengo ya dola miliari 3. Mwaka 2023 Inspection Générale des Finances ilikagua hesabu, ikasema nchi imepunjwa. Machi 2024 nyongeza ya mkataba ilitiwa sahihi, na ahadi ikapanda hadi dola miliari 7. Shaba ni ileile, hisa ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii watu walisoma, wakapiga hesabu, wakauliza.

Serikali inaweza kuomba msaada wa wanasheria kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika. Je, kijiji kitamwomba nani? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai kampuni ipatane na wenyeji kwa cahier des charges, na itenge angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Tena, 15 kwa mia ya mrabaha ni ya sekta, usheferi au komine ulipo mgodi. Lakini tumeona wazee wakitia sahihi karatasi za Kifaransa walizosomewa mara moja tu, kisha wakarudi nyumbani bila nakala.

Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na adui. Hata hivyo hati iliandikwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala moja ikafungwa kwa muhuri na nyingine ikabaki wazi. Baruku akaziweka katika chombo cha udongo zidumu. Vita havikuwa sababu ya kuacha kuandika vizuri.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila kanisa lililo karibu na mgodi liombe nakala ya cahier des charges, liitafsiri kwa Kiswahili, liisome mbele ya wote, akina mama na vijana wakiwapo. Na watoto wetu wanaosoma sheria tuwaombee na kuwasaidia karo, ili siku moja waketi upande wetu wa meza.