Ulemavu wa Akili Usifiche Ugonjwa wa Moyo

Katika miji yetu ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Meru, anapofariki mtoto mwenye ulemavu wa akili, waombolezaji husema kwamba alizaliwa hivyo na Mungu amempumzisha. Maneno hayo yana faraja, lakini yanaficha ukweli. Aghalabu kinachoua si ulemavu wenyewe bali maradhi yanayoandamana nao, na ya moyo ni miongoni mwayo.

Tuchukue mfano wa hali ya Down. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa nayo huwa na hitilafu ya moyo, hasa tundu katika kuta zinazotenganisha vyumba vyake. Damu hufurika mapafuni. Tundu kubwa lisipozibwa mapema, aghalabu katika mwaka wa kwanza, mishipa ya mapafu hukakamaa, na hatimaye upasuaji haufai tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta haujengeki.

Nchini Marekani, mtu mwenye hali hiyo alitarajiwa kuishi takriban miaka 25 mwaka wa 1983. Leo hukaribia 60. Hali yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni matunzo, hasa upasuaji wa moyo.

Kwetu, upasuaji huo hufanywa Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Mater. Lakini nani atampeleka huko mtoto ambaye ugonjwa wake haujagunduliwa? Akichoka upesi, akihema uwanjani au midomo ikigeuka samawati, husemwa kuwa ni mvivu, au kwamba ndivyo walivyo wenzake. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984, humpima ili apangiwe shule. Je, moyo wake unapimwa na nani?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hivyo, naonelea kaunti zetu zihakikishe kwamba kila mtoto mwenye hali ya Down anapimwa moyo katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na kwamba tathmini ya shule inaandamana na barua ya kumwona daktari.

Walimu nao wana wajibu. Ndio wamwonao mtoto akicheza kila siku. Anapoketi kando akihema, wasimwandike kuwa mzito, wamwite mzazi.